Boti ya Ilomba na Kofia za Shabbir

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Mtaa mzima wa Ilomba watu wanatoa moshi mdomoni. Nimeamshwa na sauti ya futikamba: traa, traa. Natoka uani namkuta mke wangu Mwanakhamisi anaipima boti yangu urefu na upana. Namuuliza kulikoni. Akasema vifaranga wa Anjela, jirani yetu, wanaletwa Jumapili, ufugaji ni wa ubia, na humu ndani wataenea vizuri. Tena mbele kumechongoka, akasema, jogoo atapata pa kuwikia.

Boti yangu! Banda la kuku!

Boti hii niliipata mnadani, Iringa. Watu nawaambia nilikusudia. Ukweli, kwa kuwa hapa najisomea mwenyewe: nilimwona Shabbir ng'ambo ya umati, nikampungia mkono. Dalali akagonga meza. Tangu hapo boti imekaa uani juu ya tela lake, mvua zake, jua lake, na Mwanakhamisi anaanika nguo kwa kuizunguka. Mbeya mjini hatuna ziwa. Nimekumbushwa hilo na watu wengi, wengine nisiowajua.

Nimepewa siku ya mwisho. Jumapili asubuhi boti iwe nje ya geti, la sivyo kuku.

Bahati nzuri yupo Farhan, shemeji yangu, kaka yake huyuhuyu Mwanakhamisi. Anakaa Iringa, shughuli zake ziko bwawani Mtera. Nikampigia simu. Akasema ilete shemeji, huku itapata kazi ya heshima, na ikifika tutakuandikia jina ubavuni kwa rangi nyekundu. Jina! Ubavuni! Sikumsikia vizuri baada ya hapo.

Jioni nimejaribu kusukuma tela. Tairi la kushoto likalia kama mashine ya kusaga iliyomeza kokoto. La kulia halikulia, kwa sababu halikuzunguka. Anjela akachungulia juu ya ukuta, akasema mwe, baba, hizo beringi zimekufa. Nikamwambia zimelala tu.

Jumanne, 15 Julai

Dawa ya beringi ni grisi. Grisi inauzwa na Shabbir. Hapo ndipo tatizo.

Shabbir tulisoma darasa moja. Duka lake la vifaa vya ujenzi na spea linatazamana na langu. Mimi nauza kofia, kanzu, mashungi na vikoi, biashara niliyoachiwa na marehemu baba. Tangu siku ya ule mnada, Shabbir ananiita Kapteni. Kila asubuhi, kabla ya salamu, ananiuliza kutoka ng'ambo ya barabara kama maji yameanza kujaa. Wateja wanacheka. Wateja wangu!

Kwa hiyo sikwenda kama mimi. Nilikwenda kwa niaba ya rafiki. Nikasema nina rafiki yangu ana tela, limekaa muda, anataka kulitia grisi, hataki kusumbua mafundi. Shabbir akaniangalia kitambo. Akasema masikini, rafiki yako huyo anakaa wapi? Nikasema mbali.

Akaeleza vizuri kabisa, sina budi kukiri. Piga jeki, toa tairi, toa nati, toa beringi. Osha kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae. Weka fundo la grisi kiganjani, ikandamize beringi humo mpaka grisi itokeze upande wa pili. Rudisha. Kaza nati mpaka tairi ligome, halafu ilegeze kidogo, tairi lipate kupumua. Yote nikayashika kichwani.

Halafu akaharibu. Akasema, na mwambie asisahau pini na kofia. Hasa kofia! Asithubutu kuingia barabara kuu bila kofia, vumbi lote la Mbeya litaingia ndani. Ninazo hapa, akasema, nimebaki nazo mbili.

Shabbir anauza kofia.

Nikamuuliza, kwa utulivu mkubwa, za mkono au za mashine. Akasema za mashine bwana, nani siku hizi atakaa atengeneze kofia kwa mkono? Moyoni nikasema, kwangu wapo akina mama wanaotarizi kofia moja miezi! Akaniuliza rafiki yako kipimo chake kikoje. Nikasema kichwa cha kawaida tu. Akasema basi hizi zitamkaa, na zikibana azigonge taratibu kwa nyundo.

Nyundo! Kofia!

Na pini pia anauza. Pini za mashungi, ndiyo mkate wangu wa kila siku. Nilichukua grisi nikatoka. Mfuko wake wa kofia na pini nikauacha palepale juu ya kaunta. Aliniita. Sikugeuka.

Jumatano, 16 Julai

Akitaka vita atapata vita. Nimeamka mapema, nimepanga mlangoni mwa duka langu misumari, bawaba na makufuli, vyote vya jumla kutoka soko la Mwanjelwa. Nimetundika na kibao: VIFAA IMARA HAPA.

Shabbir alitoka kizingitini, akasoma kibao, akajikuna kidevu. Akaniuliza vipi, Kapteni, boti inavuja? Nikazidi kupanga misumari. Mtu aliyekwishaingia kwenye kofia hastahili kujibiwa.

Wateja: mmoja. Alitaka saruji. Nikamwambia sina saruji ila nina kanzu za rangi hiyohiyo. Akavuka barabara. Mchana boksi la misumari likapasukia kwenye mikoba ya mashungi ya hariri. Nimeshinda nikichomoa msumari mmojammoja. Mwanakhamisi alikuja kuleta chakula, akasimama, akatazama, akarudi na chakula chake.

Alhamisi, 17 Julai

Siku kubwa! Nimetia grisi.

Jeki ya pikapu yangu imenyanyua tela bila ubishi. Tairi la kulia lilitoka kwa shoka, sitaki kueleza. Mbele ya kila tairi nilikuta kikombe kidogo cha bati, kimebanwa katikati, kimebonyea na kutu. Sijui mwenye boti wa kwanza alikuwa anawekea nini humo. Nimevichomoa kwa bisibisi nikampa Mwanakhamisi, vitafaa vifaranga kunywea maji. Alifurahi. Mara ya kwanza wiki hii. Kwenye kila nati palikuwa na kijiwaya kimeoza, kimepita katikati kama uzi. Kikakatika nilipokigusa. Takataka tu, nikakifagia.

Grisi ya zamani ilikuwa nyeusi imekauka, kama ugali uliosahaulika sufuriani. Nikaosha kwa mafuta ya taa. Golori zikatoka zinang'aa, nzuri, ungedhani ni pete. Kisha kiganjani, fundo la grisi, nakandamiza, nakandamiza, mpaka grisi ikachungulia upande wa pili. Raha! Sikuwahi kujua. Nimetia grisi beringi zote, kisha kengele ya baiskeli, kisha bawaba za geti. Sasa geti halishiki, linafunguka lenyewe kila upepo ukivuma.

Nati nikaikaza mpaka tairi likagoma. Nikailegeza kidogo. Nikasukuma kwa kidole kimoja. Tairi likazunguka, likazunguka, likaendelea kuzunguka nikiwa nimekwenda kunawa.

Anjela alichungulia ukutani akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, baba, kumbe unaweza. Nikamwambia kazi ndogo.

Jumamosi, 19 Julai

Maandalizi. Nimeamua kwenda na kofia yangu ya mkono, ile nyeupe ya Idi. Shabbir alisema kofia ni muhimu barabarani, na kwa hilo hakukosea, ila itakuwa yangu, si zile zake za kugonga kwa nyundo. Mwanakhamisi tunaondoka naye, amemkumbuka kaka yake. Nikamwambia na wewe jifunge pini za kutosha, wataalamu wanasema barabara ile haitaki mzaha. Akaniuliza wataalamu gani. Nikasema wa barabara.

Shabbir akanipigia simu jioni. Eti yule rafiki yangu amepata kofia? Nikamwambia anayo ya Idi. Akasema, Idrisa, uko sawa? Nikakata.

Jumapili, 20 Julai

Naandika nikiwa Igurusi, nimekaa juu ya gunia la mchele.

Tulitoka alfajiri. Boti nyuma, mimi kofia kichwani, Mwanakhamisi ana pini kichwani kama nungu. Uyole watu walisimama kutazama. Mteremko wa Inyala tumeshuka kama mfalme anashuka ngazi. Nilianza hata kuimba.

Hapa Igurusi nikaona tairi linatupita kulia. Tairi peke yake, halina gari. Linakwenda kwa adabu, limeshika barabara yake. Nikacheka. Nikamwambia Mwanakhamisi tazama, kuna masikini wa Mungu amedondosha tairi huko nyuma, watu siku hizi hawatunzi vyombo. Mwanakhamisi akalitazama. Akasema, Baba Ruwaida, lile tairi mbona lina rangi ya grisi yako?

Ndipo nyuma pakalia kraaa. Boti ikaketi chini upande mmoja, kama mtu mnene anayekaa kwenye kigoda.

Tairi lenyewe liliendelea mpaka sokoni, likakata kona, likaegemea gunia la mchele la Masumbuko, muuzaji wa hapa, kama mteja anayesubiri kupimiwa. Alilirudisha akiliviringisha, akauliza ziwa liko upande gani. Tulikagua la pili. Nati yake imebaki kwenye uzi wa mwisho, ingetuaga kabla ya Chimala.

Mwanakhamisi alichomoa simu mkobani. Alimpigia Anjela. Nilimsikia akimuuliza kama kuku wanaweza kuletwa Igurusi.

Halafu akampigia Shabbir. Mimi nisingempigia. Ningekaa hapa, ningeoa hapa, ningefungua duka. Lakini Shabbir akaja, na Jumapili yake, na kigari chake cheupe. Mkononi ana mfuko uleule niliouacha juu ya kaunta. Ulikuwa garini tangu Jumanne. Anasema alijua.

Akauliza, kofia ulizotoa ziko wapi? Nikagusa kichwa. Akasema si hiyo. Kofia za tairi! Za bati! Zinazofunika beringi! Mwanakhamisi akajibu kwa niaba yangu kwamba kuna vikombe viwili vya vifaranga kunywea maji. Shabbir akauliza, na pini? Kile kijiwaya kinachopita kwenye nati kuizuia isifunguke. Nikasema nimekifagia.

Shabbir alicheka mpaka akashika tela. Akajaribu kuacha, akatazama kofia yangu, akaanza tena. Masumbuko naye akacheka, na hakuelezwa chochote. Shabbir akasema nilikwambia kofia, ukaniangalia kama nimemtukana mama yako! Nikamwambia nilidhani umeingia kwenye biashara yangu. Akasema, kwa hiyo misumari ile mlangoni kwako…? Nikasema ndiyo. Akacheka upya, lakini safari hii alinishika bega.

Tumefunga pamoja. Pini zimepita kwenye nati, zimekunjwa. Kofia mbili mpya, nilizigonga mwenyewe, taratibu, kwa nyundo. Shabbir akasema anaifuata boti hadi Mtera, hawezi kukosa sehemu inayofuata.

Jumanne, 22 Julai

Iringa! Tumefika salama, tairi zote mbili na sisi. Kila tuliposimama nilishuka kuzigusa kofia. Baridi kabisa, hazijapata moto. Mafinga mwenye kibanda cha chai aliniuliza kama nafanya dua.

Boti imelala uani kwa Farhan na kuku hawajaikaribia. Nimeshinda! Jina limeandikwa leo ubavuni, rangi nyekundu, herufi kubwa. Mwanakhamisi alimsimulia kaka yake habari yote kabla sijashuka kwenye pikapu. Kwa hiyo haikuandikwa IDRISA. Imeandikwa KOFIA. Nimeamua kulichukulia kama tangazo la duka.

Misumari nimemuuzia Shabbir. Amekubali kuipokea kwa sharti kwamba kibao nimwachie akitundike kwake.

Kesho tunaishusha majini Mtera. Na hapa niandike jambo moja, maana safari hii nimepata akili. Mtu wa fani akikutajia vazi, usibishe, usimdhanie vibaya, usijifanye unajua. Kalitafute. Jioni Farhan amesisitiza, kidole juu: kila atakayepanda boti awe na jaketi, bila jaketi hakuna kuingia majini, na mimi mwenye boti ndiye wa kuyaleta. Zamani ningecheka. Mtera na joto lile! Sikucheka. Sikuuliza hata swali. Nilikwenda moja kwa moja sokoni kwenye mitumba, nikachagua manne, mazito, ya baridi ya kweli. La Mwanakhamisi lina kofia nyuma. La Shabbir lina manyoya shingoni mpaka masikioni.

Farhan ameniuliza sasa hivi kupitia dirishani kama majaketi nimepata. Nikamwambia mazuri sana, shemeji, mazito hasa. Akasema vizuri, maana pale katikati kina ni kirefu. Sijui kina kinahusiana nini na baridi. Lakini sibishi.