Kinu cha Kupigia Picha

Jumanne, 8 Julai 2025

Mama Jesca,

Leo nimepata akili. Ndiyo, mimi. Ungekuwapo ungeuliza nimeiokota wapi.

Unaikumbuka ile shuka ya maua. Ulikuwa unaumwa, umelala upande wa dirisha, mlima unauona, lakini kisogo tu. Ulisema sisi wa Kilakala mlima umetupa mgongo, uso wake uko kwenu. Nikapanda hadi Nyandira kukuletea uso. Zeeshan wa studio akanisafishia picha, nikazipanga juu ya shuka, moja ubavuni mwa nyingine. Ukatazama, ukatazama. Kisha ukauliza mbona kati ya hii na hii nyumbani hakupo. Kweli! Kilima cha huku kipo, cha kule kipo, katikati nimeruka. Na katikati ndiko kwa mama yako. Ulicheka mpaka ukakohoa. Sikuwahi kurudi kuliziba lile pengo.

Jumapili ni misa yako ya mwaka. Safari hii nitapiga picha moja ndefu, mlima mzima bega hadi bega, na itatundikwa ukutani kwa mama. Nimeapa.

Tatizo ni Fransisko. Kaka yako ametangaza kwenye kundi la wasapu la ukoo kwamba picha ya mlima ataipiga yeye, kwa simu yake mpya yenye macho matatu mgongoni. Akaongeza kwamba shemeji asijisumbue, mikono yake imeanza kutetemeka tangu enzi za kusoma mita za maji. Watu wakamwekea vidole gumba. Hata Jesca! Mtoto wa kumzaa mwenyewe!

Mikono inatetemeka, sikatai. Nimejaribu uani jioni. Simu inakuelekeza uzunguke taratibu, ufuate mshale. Nikafuata. Mlima umetoka kama msumeno. Kuku wa Stella jirani alikatiza mbele, ametoka mrefu kama basi la mikoani. Nikamwonyesha Stella. Akaniuliza kuku wake nimemfanya nini.

Jumatano, 9 Julai

Mkono ukitetemeka, uondoe mkono. Hiyo ndiyo akili yenyewe.

Nimechukua kinu chako, kile kidogo cha kisamvu. Nimekifunika kwa sufuria, kichwa chini. Ukingo wa sufuria umeukalia mdomo wa kinu kama kofia. Nikapaka mafuta ya alizeti. Inazunguka! Juu yake nimeweka kipande cha mche wa sabuni, nimekichonga mfereji, simu imesimama humo. Nasukuma kwa kidole kimoja tu. Mlima umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Fransisko na macho yake matatu atajuta.

Nilipokuwa nafuta mafuta niligusa lile pengo la mdomoni mwa kinu. Siku Jesca alipofaulu, wewe ulirusha mchi juu kwa furaha na ukatua pale. Nikakumbuka ulivyokuja nacho siku ya harusi, umekikumbatia, umekataa kisipandishwe na mizigo mingine. Bado kinanukia kisamvu. Au ni pua yangu.

Stella amechungulia, akauliza kama naosha vyombo au nasali. Nikamwambia hii ni teknolojia.

Halafu Fransisko akapiga simu. Sauti tamu, asali tupu. Anapanda Ijumaa na gari lake, nafasi ipo. Anataka kunichunguza! Nikamjibu nina mzigo, nitapanda kivyangu. Akauliza mzigo gani. Nikasema kuna kitu cha Mama Jesca nakipeleka. Kisha akasema, "Aa. Haya, shemeji. Umeamua." Akakata.

Nimemtia hofu. Safi kabisa.

Ijumaa, 11 Julai. Kwenu.

Nimepanda na lori lililokuwa linafuata kabichi. Dereva akanipa nafasi mbele, kinu nikakipakata. Utingo akauliza bibi harusi tunamchukulia wapi. Nikamezea.

Kila kona ya barabara ina maneno yako. Hapa uliniambia kuna mwalimu alidondosha baiskeli bondeni akaishukuru. Pale ulikuwa unanunua mapeasi ya kumpelekea mama, tukafika mkononi una vikonyo. Nimenunua mawili. Moja nimekula. La pili nikalitumbukiza kwenye kinu, lako. Mazoea.

Gulioni akina mama walinipokea kwa vicheko. Mmoja akapaza sauti: "Shikamoo baba! Na kinu kichwani, kulikoni, umeachika?" Wakaangua kicheko wote. Mwingine akawashika mikono, akanong'ona kwamba huyu ndiye mgane wa Modesta. Vicheko vikakatika kama bomba lililofungwa. Wakanipisha njia, mmoja kaziba mdomo kwa kanga. Nikapita katikati yao kama mkuu wa mkoa. Sikujua huku kwenu wanaheshimu ubunifu kiasi hiki.

Kwa mama ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. Nilichuchumaa mbali kidogo kama inavyotakiwa, nikatoa salamu. Alikitazama kinu. Akakiinua kwa mikono miwili, na mgongo wake ule, akakiingiza ndani. Nilimwona akikisukuma chini ya kitanda. Akatoka, akaitikia salamu, akaenda jikoni. Fransisko alikuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyebeba jeneza.

Usiku wamenitandikia mkeka mpya peke yangu. Wameniletea kuku mzima na firigisi juu. Mimi! Miaka yote nyumba hii hunipa shingo. Nimekula firigisi, haikuwa na ladha. Nawaza teknolojia yangu chini ya kitanda cha mama mkwe. Nani ataingia kuitoa?

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya. Nakuandikia nimekaa karibu na kaburi lako, na sijui kama bado nina haki ya kukaa hapa.

Asubuhi nilimwendea Pazi. Mtani wa ukoo wenu, yule aliyelala njiani siku ya mazishi, jeneza lisipite mpaka apewe togwa. Nilitaka anisaidie kukitoa kinu. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mtani, kumbe umekuja kutuaga? Na sisi tulikuwa tumekuzoea na ubaya wako."

Nikauliza kuaga nani. Akanikazia macho. Ndipo akanieleza, taratibu, kama anamweleza mtoto. Katika ukoo wenu, mgane akirudisha kinu cha mkewe kwa mama mzazi, amesema nimemaliza. Ukwe umekwisha, nakwenda kuoa kwingine, kwaherini. Hakuna kikao wala maswali. Kinu kimeshasema. Tangu siku hiyo yeye ni mgeni kama wageni wengine, anapewa mkeka mpya na firigisi.

Firigisi!

Tena, Pazi akasema, jana usiku walikuwa wanakisia bibi harusi ni nani. Fransisko amewahakikishia ni Stella. Stella wa kuku!

Mama Jesca, miaka yote hukuniambia. Au uliniambia na mimi nilikuwa nasikiliza redio.

Nikataka kukimbia kwa mama nikajieleze. Pazi akanidaka shati. Mkwe hajadiliani na mama mkwe jambo kama hilo, hupita kwa mtani. Basi nikamwomba alipeleke yeye. Nikamwambia amweleze mama kwamba kile ni kinu cha kupigia picha.

"Kinu," akasema Pazi.

Ndiyo.

"Cha kupigia picha."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema utani una mipaka, akipeleka maneno hayo kwa mama mwenye msiba ataonekana kavuka.

Nilipanda kwenye lile jiwe letu la kutazamia mlima, bila kinu, na mikono yangu mwenyewe. Fransisko alikuwa anashuka, ameshamaliza. Akanionyesha. Nzuri, Mungu anisamehe. Mlima umetulia, ukungu umekaa bondeni. Akanishika bega, akaniambia haina neno, shemeji, maisha lazima yaendelee. Ningempiga na kinu kama ningekuwa nacho.

Nikapiga hivyo hivyo. Viwiko nimevibana mbavuni, nimezunguka polepole, simu inanikaripia, mshale unapanda na kushuka. Jua lilikuwa usoni. Sikuona kitu kwenye kioo. Au ni machozi, kwa nini nikudanganye. Sikuitazama hata ilivyotoka. Mgeni anatundika picha ukutani kwa watu kwa haki ipi? Kaburi lako liko nyuma ya nyumba ya mama. Mgeni haendi nyuma ya nyumba ya watu.

Jumapili, 13 Julai

Misa ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba ule wimbo uliokuwa unaukosea maneno. Nikaukosea kwa niaba yako.

Baada ya chakula, watu wamekaa uani, mara ukatoka ndani. Nilishika ukuta.

Alikuwa Pazi. Amejifunga kanga yako ya manjano ambayo mama ameitunza, tenga kichwani, anatembea mwendo wako, ule wa kuegemea kushoto kidogo. Ndiyo kazi ya mtani, kumrudisha marehemu watu wamcheke. Lakini huyu alikuwa na sauti yako kabisa. Akamkaripia Fransisko kwa kuzaliwa na macho mawili na kununua mengine matatu. Akamwuliza katekista kama matangazo yale analipwa kwa mita. Watu wanafuta machozi kwa kucheka. Halafu akanigeukia mimi, mkono kiunoni.

"Baba Jesca! Nimeondoka kidogo tu umenichukulia kinu! Na mchi wangu je? Mchi wangu umeuweka wapi?"

Nikajibu kama ninavyokujibu siku zote, kabla sijafikiri. Nikasema uko nyumbani Kilakala, nyuma ya mlango, pale pale ulipouacha.

Mama akainua kichwa. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Pazi. Akamwuliza, "Mchi haukuja?"

Pazi akasema haukuja.

"Uko nyuma ya mlango?"

Uko nyuma ya mlango.

Mama akaanza kucheka. Kicheko chako, Mama Jesca, kile kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi. Akamwambia Pazi amfikishie mkwe, aliyekuwa amekaa pale pale akisikia kila neno, kwamba kinu bila mchi hakijarudishwa, kimesahauliwa tu. Basi kikae hapa, na mchi ukae hukohuko nyuma ya mlango, asiuguse mtu. Mwenye hamu ya kisamvu atajua njia.

Jioni nimeletewa ugali wangu. Juu yake, shingo.

Shingo ya kuku! Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Jumanne, 15 Julai

Nimempelekea Zeeshan simu. Nilijua ni msumeno, nilitaka tu kuona kama nyumba ya mama ipo. Akaikuza kwenye kompyuta yake. Mlima umepanda na kushuka kama mtu mwenye homa, sawa. Nyumba ipo. Bati lake lile lenye kiraka lipo. Pengo hakuna.

Zeeshan akakohoa. Akasema, "Mzee, samahani, huyu mama ametokea mara tatu. Nimfute wawili?"

Mama yupi? Nikasogeza miwani.

Wewe. Kanga ya manjano, tenga kichwani. Kushoto unapanda njia. Katikati uko kisimani. Kulia uko mlangoni kwa mama, umeegemea kushoto kidogo.

Nimempigia Pazi kwa hasira. Mtani hakasirikiwi, lakini nilijaribu. Akakiri huku anahema kwa kicheko. Jumamosi alikuwa anajaribisha kanga ya kesho yake, akaniona juu ya jiwe nazunguka kama feni mbovu. Akaona aniharibie. Akawa anakimbia nyuma ya migomba kunitangulia, anatokea tena mbele ya simu. Alitaka kumfanyia na Fransisko, lakini Fransisko alimaliza haraka mno.

Zeeshan alikuwa bado na kidole juu ya kitufe, anangoja. Nikamwambia asiguse kitu, hata msumeno auache. Akachapa, ndefu kama mlango uliolazwa. Lori la kabichi limeipandisha.

Jumatatu, 21 Julai

Picha imetundikwa. Pazi anasema mama anaitazama kila asubuhi, na jana aliuliza kwa nini Modesta anazungukazunguka mlimani bila kuingia ndani anywe chai.

Fransisko naye amenipigia. Alizunguka sana, mara bei ya mafuta, mara mvua. Mwisho akaomba nakala. Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria hadi jioni, nimemtumia.

Ningeachia hapo. Lakini usiku huyu mtu ametangaza tena kwenye kundi! Desemba ataipiga Nyandira nzima ikiwa ya kijani, picha ndefu kuliko zote, na hatatumia mkono, amenunua mguu wa chuma wa kusimamishia simu. Vidole gumba vikamiminika. Jesca ameweka viwili.

Sikulala. Kinu kiko kwenu na mimi mguu wa chuma sina. Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta kitu kilichonyooka, kizito, kisichoyumba, cha kunifika kifuani. Na ulikuwa hapohapo, nyuma ya mlango.

Mchi wako, Mama Jesca! Nimeusimamisha uani, hautikisiki. Nitachonga mfereji mdogo kichwani, simu ikae. Nitauviringisha ndani ya mkeka, nitapita kwanza kwa mama kumsalimu, kisha nipande kwenye jiwe. Nani atajua? Sioni tatizo lolote.

Unikumbuke huko uliko.