Bati Ishirini na Nane

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Nyamuswa.
Siku ya arobaini na moja bila Recho. Mke wangu yuko Musoma, Kitaji, kwa kaka yake, anaoga maji ya bomba. Amesema harudi kubeba ndoo kilomita nne mpaka maji yafike karibu na nyumba, kama nilivyomwahidi tangu harusi. Nitachimba kisima na nini? Kucha?

Leo kulikuwa na mkutano wa kijiji. Dada wa mradi wa maji, Grace, kaeleza kwamba Ijumaa saa nne na nusu asubuhi setelaiti itapita kupima joto linalotoka ardhini, shamba kwa shamba. Penye joto kali kuliko kote, maana ndipo pakavu zaidi, patachimbwa kisima. Kimoja tu! Jirani yangu Enoka akasema shamba langu halina hata joto la kuatamia yai. Watu wakacheka. Tutaona.

Jumatano, 10 Septemba.
Nimepata! Kitu gani huchemka kuliko vyote saa nne na nusu? Bati! Nimepanda juu ya nyumba, nimeng'oa bati zote ishirini na nane, mpya, zinang'aa, nimezitandaza shambani. Mbuzi wakakosa malisho. Nikawaswaga kwenye viazi vya Enoka. Mwenyekiti Makongoro kapita, kauliza kama nahama. Nikasema naanika. Hakuuliza naanika nini. Ana adabu yule mzee.

Ijumaa, 12 Septemba.
Anga safi! Saa nne na nusu juu ya alama nikagusa bati. Vidole vitatu vimeungua. Sijawahi kufurahia malengelenge namna hii. Nikampigia Recho, nikamwambia aanze kufungasha. Kasema atafungasha akiona maji. Sauti ilikuwa laini kidogo. Au ni mtandao.

Jioni Enoka kaja na fimbo. Mbuzi wangu wamemaliza majani yote ya viazi tangu juzi, limebaki vumbi. Nimeomba radhi huku nacheka moyoni.

Jumatatu, 15 Septemba.
Siwezi kuandika.

Naandika. Grace kabandika picha ofisi ya kijiji. Penye joto ni pekundu, penye baridi ni bluu. Shamba langu bluu. Bluu kama ziwa! Nikamwonyesha malengelenge. Kasema kwa upole kwamba bati linalong'aa huchemka kweli, ila joto lake halilirushi juu; hurudisha tu ubaridi wa anga, kama kioo. Setelaiti husoma kinachorushwa, haigusi kwa vidole. Ardhi tupu iliyochomwa na jua ndiyo hurusha hasa.

Kipande chekundu kuliko vyote? Cha Enoka. Pale pale walipokula mbuzi wangu. Kanishukuru mbele ya mkutano! Kasema nitakaribishwa kuchota. Nimekwisha.

Jumatano, 17 Septemba.
Mvua. Miezi mitatu hakuna hata tone, leo sina paa, mvua! Naandika chini ya meza. Godoro limekunywa maji yote ambayo Recho angeteka kwa mwezi.

Recho kapiga simu. Kasikia kisima kitakuwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu. Yeye hakusemaga lazima kiwe chetu, alitaka maji tu. Kikianza kutoa maji, anarudi. Moyo uliruka! Kisha nikamwona mke wangu na ndoo, kwa Enoka, akisema asante. Asante, kwa Enoka! Nikamwambia asubiri kwanza, nina jambo bora zaidi. Akakata simu.

Ninalo kweli. Kama setelaiti imesoma shamba langu kama ziwa, mimi ni nani nibishane na setelaiti? Kesho napanda basi kwenda Musoma, ofisi ya uvuvi, kuomba kibali cha kufuga sato. Picha ninayo, nimeibandua ukutani. Bati naziacha shambani palepale. Ni ushahidi.