Salamu ya Mkwe wa Zege

Redio ya kinyozi ilikuwa imetoka kutangaza kwamba kila mtumishi wa umma sasa atatakiwa kujua lugha tatu, na benchi la nje ya kibanda likachemka kabla mtangazaji hajameza mate.

"Lugha tatu!" akadakia Wakili Bila Kesi, ambaye mahakamani hajawahi kuingia ila kwa kuitwa. "Hiyo moja waliyo nayo hawajaitumia kuitikia salamu dirishani!"

"Wewe unazo ngapi?" kinyozi akauliza, mkasi ukining'inia juu ya kichwa cha mteja.

"Mimi najua kunyamaza kwa lugha zote."

"Hiyo ndiyo hujawahi hata kuisomea."

Zege hakucheka. Siku nyingine fundi mwashi huyo mstaafu angekuwa wa kwanza kurusha dongo, lakini leo alikaa ncha ya benchi amevaa koti, na joto lote lile. Bintiye wa pekee, nesi ng'ambo, alikuwa njiani kutoka uwanja wa ndege akimleta mchumba wa huko huko. Zege aliogopa, na wala hofu yake haikuwa ya posa. Aliogopa kuzeeka akiwa bubu mbele ya wajukuu zake mwenyewe.

"Mzee, koti la nini? Unakwenda kuapishwa?" Wakili akamchokoza.

"Nampokea mkwe. Na nitamsalimu kwa lugha ya kwao."

Benchi zima likamgeukia.

"Nani kakufundisha? Binti?"

"Yule? Kila jioni akipiga simu ni kunigombeza tu, masomo yaingie saa ngapi! Mimi nimejenga daraja na watu wa kwao, bwana. Msimamizi wetu alikuwa akitoka ofisini asubuhi anasimama mbele yetu, anatusalimu. Maneno yale yale kila siku. Nimeyashika kama jina langu."

"Hebu tuonje."

Zege akakohoa, akaachia. Salamu ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikaishia na kidole hewani.

"Hiyo ni salamu au hukumu?" Wakili akauliza.

"Watu wenye adabu salamu zao ni ndefu. Wewe umezoea 'mambo' na 'poa'."

"Nanyi mlikuwa mnaitikiaje?"

"Tunavua kofia, tunasema asante bosi."

"Naye?"

Zege akavuta kola ya koti. "Anapiga ndoo teke. Kila watu na mila zao."

Kinyozi alicheka mpaka mteja akajishika masikio kuhakikisha yapo yote mawili. "Asiyejua maana haambiwi maana! Mzee, nenda kamsalimu mkwe, sisi tutashika ndoo!"

Teksi ikasimama papo hapo. Binti hakuhangaika kupitia nyumbani. Alijua pa kumpata baba yake. Akashuka, akaamkia, na nyuma yake akashuka kijana mrefu, jasho tele, tai imemkaba.

Zege akajikung'uta, akasogea, akaitoa salamu yote bila kubakiza neno. Kidole kikaenda hewani kama kawaida.

Kijana akaganda. Binti akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Baba," akanong'ona, "umemwambia ni mvivu, mama yake anajuta kumzaa, na akusanye vitu vyake aondoke."

Zege alitamani ardhi ipasuke immeze na koti lake. Miaka yote ile alikuwa anavua kofia kutukaniwa mama, halafu anashukuru! Na sasa tusi lenyewe kalibeba kwa uangalifu wote huo mpaka kwa mkwe.

Lakini kijana alimeza mate, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akasema taratibu kama mtu anayesali:

"Baba! Bado uko kijiweni? Dawa umemeza? Acha ubishi, rudi nyumbani sasa hivi!"

Mkasi wa kinyozi ukaanguka.

"Nani kamfundisha huyu?" Zege akauliza.

"Hakuna," binti akajibu, macho chini. "Nikikupigia huwa yuko pembeni. Siku moja akaniuliza ni nini kile ninachosema kila jioni. Nikamwambia, namsalimu baba."

Kijana hakuuachia mkono. Alikuwa anasubiri kuitikiwa.

Zege akamtazama bintiye. Akajua sasa kwamba kila jioni alikuwa anapendwa, naye akidhani anakaripiwa.

"Niko njiani, mwanangu," akaitikia, vile vile anavyojibu kila siku bila kuinua kisigino. "Naona mlango huo hapo."

Uso wa kijana ukachanua: ndilo lenyewe, jibu lile lile la kwenye simu! Wakaondoka mkono kwa mkono, binti akiburuta mabegi nyuma yao.

Kinyozi akaokota mkasi. "Uongo ni ule ule," akasema. "Ila leo kaenda kweli."

Wakili naye akasimama, akajipangusa suruali.

"Wewe unakwenda wapi, na ubishi hata haujaiva?"

"Nyumbani," akasema. "Mke wangu atakuwa ananisubiri anisalimu."