Kitambi cha Chuma

Jumatatu, 3 Machi

Kiwandani chuma kimeota kitambi tena. Kinatoka kwenye kalibu, lile bomba la kukipa umbo, na ganda gumu nje, uji wa moto ndani, kinateremka katikati ya rola, na kila kikikuta pengo kinatuna. Rola inayofuata inakibana, uji unasukumwa juu, na kule kwenye kalibu chuma kinapanda na kushuka mpaka king'ora kinalia. Injinia kanuna. Kasema Ijumaa ataamua kama tatizo ni rola au maji ya kupoza, na mwenye kosa atahamia yadi ya vyuma chakavu.

Rola ni za shemeji, kaka yake mke wangu. Maji ni yangu, pamoja na nozeli zinazoyapuliza. Kwa hiyo ni rola.

Yadi ile siiwezi. Jua, kutu, na mbwa wa mlinzi ambaye hajawahi kunipenda.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo! Maneno matupu hayatoshi, nitatengeneza mfano wa mashine. Nta ya mishumaa ndiyo chuma. Mkebe uliotolewa kitako ndiyo kalibu. Mipini ya mafagio ndiyo rola. Nozeli zangu ni chupa ya kupulizia maji ya mke wangu, ambaye ni msusi. Mipini nimeiachanisha kupita haki kidogo. Sawa, si kidogo.

Mke wangu aliuliza mafagio yako wapi. Nikamjibu yako kwenye utafiti. Akasema basi hata chakula changu nikakitafute huko huko.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwalika shemeji nyumbani ajionee mwenyewe na dhamiri imsute. Kaja mikono miwili imejaa matunda, kanisalimu kwa heshima zote. Nikajikaza nisimwonee huruma.

Nikamimina nta, nikaivuta chini polepole huku napuliza maji ganda lishike. Ilipofika kwenye mapengo ikatuna vizuri sana. Nikamtazama shemeji. Akakubali kwamba rola zikiachana chuma hutuna, kisha akaomba tuisogeze mipini, ikae kama rola zilivyo kazini. Sikuwa na namna.

Mipini ikakaribiana. Nikaminya chupa, ikakohoa. Mdomo ulikuwa umeziba kwa mafuta ya nywele! Ganda likabaki jembamba, nta ya ndani ikalisukuma, kitambi kikawa kikubwa kuliko cha kwanza, kikapasuka. Nta yote kwenye kochi.

Shemeji akauliza kwa upole nozeli za kazini nilizisafisha lini. Nikamwambia hilo ni swali la mtu anayekwepa mada. Akachukua kisu cha mezani tukabandua nta pamoja mpaka kochi likarudi kuwa kochi. Mke wangu akamsifu yeye peke yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika kazini na hotuba yangu kuhusu rola. Nikamkuta shemeji ananisubiri na spana. Akasema, shemeji, tuzifungue zile nozeli kabla injinia hajaja. Nilikwenda ili nimwoneshe kwamba ni safi.

Hazikuwa safi. Chokaa ya maji imeganda ndani mpaka nyingine zilikuwa zinatoa matone tu. Nikaiona yadi, nikamwona mbwa. Shemeji akavua shati tukakwangua pamoja.

Chuma kilipoanza kushuka kilikuwa kimenyooka, na kwenye kalibu kimetulia tuli. Injinia akaja, akauliza kosa lilikuwa la nani. Nikafungua mdomo. Shemeji akatangulia. Akasema mimi ndiye niliyetengeneza mfano nyumbani kwangu, na mfano huo ndio uliotuonesha nozeli zimeziba. Injinia akanipa mkono mbele ya shifti nzima. Nimebaki kwenye maji yangu.

Machozi yalinilengalenga, nikasingizia mvuke. Nampenda sana yule bwana. Kama mke wangu asingekuwa na kaka, ningemtafutia kaka huyo huyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda nyumbani nikiwaza. Shemeji alikuwa na nafasi ya kunimaliza na hakunimaliza. Hata kunitania hakunitania. Leo kapiga simu kuuliza kama nimepumzika.

Mke wangu anasema ndivyo kaka yake alivyo tangu utotoni. Ni dada yake, lazima amtetee.

Mimi sidanganyiki, kuna kitu anaficha. Mtu ambaye rola zake hazina kasoro hawezi kuwa mwema kiasi hicho. Jumatatu naanza kuzipima.