Goti Lililokataa Kuisha Muda

"Kunja tena, mama. Polepole."

Fundi wa mapazia akakunja goti lake la kulia. Rula akainama, akaweka kipimapembe chake cha mbao ubavuni mwa goti, akafumba jicho moja na kusoma. Digrii mia moja na thelathini. Akakifuta kipimapembe kwa leso, akapima upya, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuiamini namba mara ya kwanza ilipojitokeza. Mia moja na thelathini vilevile.

Jina la Rula alipewa na wenzake, naye hakuona sababu ya kulikataa. Alikuwa mpimaji mkuu, na mpimaji pekee, wa Idara ya Muda wa Viungo, kitengo cha magoti nusu, yale yaliyowekewa kiungo bandia upande mmoja tu. Ukutani, juu ya meza yake, palibandikwa tangazo jipya lenye mihuri mitatu:

"Umma unatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba, kuanzia mwezi huu, kila goti lililobadilishwa nusu litadumu miaka kumi kamili. Halitapunguza, halitazidisha. Goti litakalozidisha litahesabiwa kuwa limekufa, na mwenyewe atapewa pole."

Rula aliliona kuwa tangazo la busara. Zamani mambo yalikuwa shaghalabaghala. Goti moja lilichoka mwaka wa saba, lingine likafika mwaka wa ishirini na mbili bila kumwomba mtu ruhusa. Kila goti lilijiamulia mambo yake. Idara ingeandikaje ripoti ya maana katika hali kama ile?

Shida ilikuwa moja tu. Goti lililokuwa mbele yake alasiri hiyo lilikuwa na miaka kumi na saba.

"Mama, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, goti lako lilifariki miaka saba iliyopita."

"Mwanangu, marehemu huyo amenipandisha ghorofa tatu sasa hivi, na ngazi yangu begani."

Hilo Rula hakuweza kulipinga. Ngazi yenyewe, ile ya miguu minne inayofunguka kama mkasi, ilikuwa imesimama katikati ya chumba. Fundi alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Keshokutwa alitakiwa aanze kutundika mapazia kumi na mawili katika ukumbi mkubwa wa maonyesho, kazi aliyoisubiri tangu ashike sindano, na mlinzi wa ukumbi alikuwa amemwambia wazi: mwenye goti la kubadilishwa hapandi ngazi bila kibali cha Idara. Asipokipata, kazi ingekwenda kwa shemeji yake, mtu asiyejua juu ya pazia ni wapi na chini ni wapi.

"Basi nijazie kibali niende zangu," alisema.

"Nitajaza, mama. Ila tuanze na hii." Rula akasukuma karatasi ya kijivu. Ilikuwa Fomu ya Kuagana na Goti. "Swali la nne. Goti linauma vipi? Sana, sana mno, au sana lakini mwenyewe ni mvumilivu?"

"Haliumi."

"Hakuna nafasi ya haliumi."

"Chora."

"Kuchora nafasi ni kazi ya idara nyingine, mama. Na wao wako likizo."

Fundi akashusha pumzi, akafungua mkoba, akatoa barua ya daktari aliyempasua. Rula akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari. Daktari alieleza kwamba goti la mama huyu lilikuwa limelika upande wa ndani tu, akabadilisha upande huo, akauacha mwingine pamoja na kano zake. Ndiyo maana anatembea kama mtu mwenye goti lake la kuzaliwa. Magoti ya namna hii, aliendelea, mengi huvuka miaka kumi, na yapo yanayovuka ishirini. Mengine huchoka mapema, au upande ulioachwa ukaja kulika nao. Inategemea mtu. La huyu ni zima, na kitu kizima hakiguswi.

Barua haikuwa na kosa. Rula aliitafutia kosa kwa nia njema kabisa, akalikosa.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mkurugenzi. Kwa usahihi zaidi, uliingia mguu wa kulia, kisha tumbo, kisha baada ya kitambo ukafuata mguu wa kushoto kama mtu aliyelazimishwa kuhudhuria kikao.

"Hilo ndilo goti la mwisho?" aliuliza. "Kesho ripoti inakwenda juu. Nimeshaandika kwamba magoti yote nchini yamedumu miaka kumi, asilimia mia kwa mia. Dunia nzima hakuna mafanikio kama hayo."

"Hili limedumu kumi na saba, Mheshimiwa. Kuna na barua ya daktari."

"Daktari anazungumzia magoti. Sisi tunazungumzia muda."

Fundi alikuwa haangalii uso wa Mkurugenzi. Aliangalia mguu.

"Baba, na wewe umebadilishwa nusu?"

"Miaka mitatu sasa."

"Linakutesa."

"Haliwezi. Liko ndani ya muda. Kifungu cha sita: goti lililo ndani ya muda haliumi."

"Nenda ukaonwe, baba. Utaharibikiwa."

"Hospitali haimpokei mtu bila Fomu ya Kuagana," Mkurugenzi alisema kwa fahari, jasho likimtiririka, "na ya kwangu itatoka baada ya miaka saba. Utaratibu nimeutunga mwenyewe, hauna pa kupenya." Akaigeukia ngazi. "Tatizo lenu mafundi ni ubishi. Wewe ukipanda hii na goti lililokufa, utaanguka, utatuaibisha. Tazama goti lililo hai linavyopanda."

"Baba, acha."

Akapanda. Kidato cha kwanza alikipanda vizuri. Cha pili alikipanda kwa mikono. Alipofika cha tano, kichwa kikikaribia dari, akainua kidole ili aseme neno la kuelimisha umma. Goti la kushoto likatoa mlio mdogo, kama kitasa kinachofungwa. Neno halikutoka.

"Mheshimiwa, umekwama?" Rula aliuliza.

"Nimetulia."

Zikapita dakika kumi. Fundi akaketi, akatoa pazia na sindano mkobani, akaanza kupinda ukingo wake. 

"Bado umetulia, Mheshimiwa?"

"Rula," sauti ikatoka darini, ndogo sana, "nishushe."

Rula hakuwa mtu wa haraka. Alifungua kitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akafika kifungu cha sita. "'Kulisaidia goti lisilouma ni kupoteza nguvu kazi ya umma.' Niandike kwamba linauma?"

"Thubutu! Ripoti itasemaje?"

"Ondokeni mbele yangu nyie," fundi akasema, akaweka sindano chini. "Mtu hashushwi kwa kitabu. Napanda nyuma yake, namshika kiuno, tunateremka kidato kwa kidato." Tayari alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi.

"Samahani, mama," Rula akasema kwa upole. "Huna kibali."

Mkurugenzi akafumba macho. "Mpe."

"Nimpe kibali cha goti lililokufa?"

"Lifufue!"

"Fomu ya kufufua hatuna, Mheshimiwa."

"Andika kwa mkono! Chochote! Nitatia saini!"

Rula akatoa kibali, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: Goti hili lina miaka kumi na saba, li hai, na linafanya kazi kuliko linavyoruhusiwa. Akakibana kwenye ncha ya kipimapembe pamoja na kalamu, akavipandisha juu.

Mkurugenzi alikisoma kwa muda mrefu. Alijua anachosaini. Saini hiyo ikishuka, miaka kumi kamili ingekuwa imekwisha, na asilimia mia pamoja nayo. Kisha goti likamkumbusha mahali alipo. Akasaini.

Fundi akakipokea, akavaa miwani, akakisoma chote hadi chini, kama anavyosoma mikataba ya mapazia.

"Mwanangu, hii mistari midogo inasemaje? Macho yangu yanaishia hapa."

Rula akasoma. "'Kibali kitaanza kutumika siku inayofuata, saa mbili asubuhi, ili mwenye goti apate nafasi ya kutafakari.'"

"Nani aliyeandika upuuzi huo?"

Rula aliinua tu macho kuelekea darini, na fundi naye akayainua.

"Kumbe," akasema. Akakunja kibali mara nne, akakitia kifuani. "Basi, baba, usihangaike kushuka. Kesho saa mbili nitakuwa hapa. Na leo jioni nitampitia daktari wangu, nimwambie aje pia."

Akaondoka. Hatua zake zilisikika zikiteremka ghorofa tatu, zimelingana, bila kusita hata moja.

Rula akaleta glasi ya maji, akaiweka kwenye kidato cha juu, mahali mkono ungefika. Akafungua daftari la kazi za siku.

"Rula," Mkurugenzi akanong'ona. "Linauma. Wallahi, linauma."

Rula akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika mbili.

"Malalamiko yanapokelewa asubuhi, Mheshimiwa," akasema kwa huruma ya kweli, akaandika: Goti la pili, miaka mitatu, limeanza kupimwa. Akaacha nafasi ya digrii wazi.