Isale la Msamaha Nimeling'oa Mtoni

Jamani, leo nimejiaibisha kwa mikono yangu mwenyewe. Naandika haya kwenye mkahawa wa intaneti hapa Moshi mjini, soksi bado zina matope, na sijaelewa nilipotelea wapi.

Mnajua kahawa haina bei. Matumaini yangu yote nimeyaweka kwenye mtumbwi wa kutembeza wageni kule tambarare, kwenye mto wa chemchemi. Bila kibali cha kamati ya chemchemi inayoulinda mto, mtumbwi ule ni hori la ng'ombe. (Mama ameshaulizia.)

Leo ilikuwa siku ya majaribio. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Aminieli, akapanda na mimi. Sheria nilizikariri wiki nzima: injini marufuku, usichomeke kasia chini, utang'oa majani wanakotagia samaki, usikanyage ukingo nje ya gati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, tuone."

Mwanzo safi kabisa! Kisha mkondo ukatusukuma pembeni, mtumbwi ukagoma. Woga ukanishika, nikachomeka kasia chini, nikasukuma. Maji yale unayoona hadi kokoto yakawa mazito kama pombe ya mbege!

"Kijana, sheria ya pili inasemaje?"

"Inasema... injini marufuku?"

"Rudi gatini."

Nikaona kibali kinakwenda. Ndipo nikapata akili (niliiita akili): isale! Nyie wa mlimani mnajua, Mchagga ukimpelekea jani la isale kumwomba msamaha, hawezi kukataa. Na bahati iliyoje, ukingoni palikuwa na masale machanga yamejipanga vizuri. Nikaruka, nikavuta moja. Likaja na mzizi. Nikapiga magoti palepale, nikamnyooshea mzee kwa mikono miwili.

Wanakamati wawili gatini wakashika vichwa. Nikageuka nyuma, nikidhani kuna mamba.

"Umelitoa wapi?" mzee akauliza.

"Hapa, mzee."

"Na hapa ni wapi?"

Jamani, masale hayajipangi yenyewe! Nami nimekulia Old Moshi, shamba letu limezungukwa na masale ya mpaka! Kamati iliyapanda Jumamosi kuonyesha pasipokanyagwa. Nilikuwa nimeng'oa mpaka, nimepiga magoti ndani ya mpaka, naomba msamaha wa kuharibu mto.

Mzee akalitazama lile isale. Kukataa hawezi, ni mila. Kupokea mpaka wake uliong'olewa nako kunamshinda. Nikamwonea huruma, maana sasa tulikuwa wawili tusioelewa. Mwishowe akalipokea.

"Kosa la kasia nimekusamehe. La kung'oa na la kukanyaga, kila moja uliletee isale lake."

"Na kibali, mzee?"

"Kwanza hili lipande ulipolitoa."

"Nitalipandaje bila kukanyaga?"

Akahesabu kwa vidole.

"Basi hilo litakuwa kosa la nne."

Msinicheke, nawaomba. Kesho nahitaji masale matatu. Mwenye nayo hapo mtaani Njoro aniambie, ila ayakate mwenyewe. Mimi sigusi.