Mshale wa Tairi la Padri

Mamba, Jumatatu, 7 Juni 1954

Fundi wa pikipiki ya misheni kaacha kazi, kaenda mgodini Mpanda. Leo tairi jipya la nyuma limefika na lori, na Padri anatafuta mtu wa kulifunga. Tuko wawili tu: mimi, na Felisiani anayetengeneza baiskeli sokoni. Bahati nzuri Felisiani yuko safarini Usevya. Nikamwambia Padri kwamba nimezoea pikipiki tangu Mpanda. Si uongo. Mpanda nimefika, na pikipiki nimeziona zikipita.

Padri kasema nijaribu. Jumapili anakwenda kusalisha Kasansa. Akirudi salama, kazi ya ufundi ni yangu moja kwa moja. Asiporudi salama, kaka yangu Ponsian ananingoja hukohuko Kasansa nikapure mpunga. Mpunga unawasha mwili mzima. Sitaki hata kuufikiria.

Kanionyesha mshale ubavuni mwa tairi. Tairi hili lizunguke kufuata mshale, kasema, si kama la baiskeli. Nikamjibu hayo nayajua.

Jumanne, 8 Juni

Nimefunga tairi. Kazi ya kutwa nzima. Miko miwili ya dada yangu Skolastika imevunjika katika kubandua la zamani, na kwa kuwa nakaa kwake nimeambiwa maneno. Lakini mshale umeelekea mbele, langoni. Padri kaniita fundi mbele ya mpishi wake, Anselmo. Jioni Felisiani karudi, kaja, kachuchumaa, kaangalia, kaondoka zake. Huyu ana lake.

Jumatano, 9 Juni

Mshale umeelekea nyuma! Nimeuangalia mara mbili. Anselmo anasema hakuna aliyeigusa pikipiki, isipokuwa yeye aliisukuma kidogo kuitoa juani. Kusukuma hakugeuzi tairi. Hapa kuna mkono wa mtu, na mtu mwenyewe namjua.

Nikatoa gurudumu, nikatoa tairi, nikaligeuza, nikarudisha. Tyubu ikabanwa na chuma, nikatia kiraka. Mshale mbele. Sikumwambia Padri.

Alhamisi, 10 Juni

Padri katoka na pikipiki asubuhi kumpaka mgonjwa mafuta. Kurudi tu, nikakimbia kuangalia. Nyuma tena. Nikageuza tena. Kiraka cha pili.

Nikamfuata Felisiani sokoni nikamwambia mbele za watu aache kunitilia mchanga kitumbua changu. Kacheka mpaka kashika kiti. Eti mshale unazunguka pamoja na gurudumu. Ukiwa juu unaonyesha mbele, ukishuka chini lazima uonyeshe nyuma. Eti nisiusome mpaka niulete juu. Watu wakacheka naye. Nikamwambia mshale ni mshale, hauna juu wala chini. Mtu anayetaka kazi yangu atanifundishaje kazi yangu?

Nyumbani nikamsimulia dada. Alikuwa anapepeta. Kasema, bila kuinua uso, Felisiani kasema kweli. Huyu naye wamekwisha mpata.

Ijumaa, 11 Juni

Nimekuta mshale uko chini, karibu na ardhi, umeelekea nyuma. Nikaligeuza tairi mara ya tatu. Sasa uko chini palepale lakini umeelekea mbele barabara. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya tangu Jumanne: nimelifunga gurudumu kwenye nguzo ya ghala kwa kamba ya katani, mafundo yasiyofunguka. Aje sasa.

Jumamosi, 12 Juni

Mshale haukusogea hata unywele! Nikamwita Anselmo ashuhudie. Tangu nifunge kamba tairi halijageuka, maana yake aliyekuwa analigeuza ameshindwa. Anselmo kakuna kichwa, karudi jikoni. Padri kanipa mkono. Nimelala mchana kwa raha.

Jumapili, 13 Juni

Nimekata kamba mwenyewe. Padri kaondoka. Kabla ya Kasansa akafika penye tope la majaruba ya mpunga, pikipiki ikateleza kama mlevi, akaanguka nayo. Alipoinyanyua, tyubu ikapasuka penye viraka vyangu. Waumini wakangoja Misa mpaka jua la utosi. Aliyemsaidia kuisukuma hadi kigangoni, kanzu ya Padri imejaa tope, ni kaka Ponsian.

Jioni wameileta hapa Mamba, Felisiani kaitwa. Kauleta mshale juu, ukaelekea nyuma. Kanitazama, hakucheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Padri kampa kazi. Kwangu kasema polepole kwamba ananiombea. Naondoka na Ponsian kwenda Kasansa. Dada kanifungia nguo zangu, kalia kidogo, kaniambia nisibishane na watu.

Kasansa, Jumamosi, 19 Juni

Nimepura wiki nzima. Mikono yote vipele. Ponsian ananiamsha kabla ya jogoo, anasema hapa hakuna mishale.

Leo Padri kaja kuungamisha. Kaegesha pikipiki nyuma ya kanisa, kanipungia mkono kwa upole, kaingia. Nikapita karibu, kuangalia tu.

Mshale uko chini, umeelekea nyuma kabisa. Felisiani! Kapewa kazi, na bado anamtegea Padri wa watu. Na mimi nikae kimya, Padri aumie tena?

Mstari wa kuungama ni mrefu, wanawake wa Kasansa wote wamo. Gurudumu nimekwisha litoa.